Kwa Jina la Mtumaji

Dau la mwisho liliingia zikiwa zimesalia dakika mbili mnada ufungwe, na Tasneem akapiga ukelele uliomfanya mama yake ajidunge sindano kidoleni.

"Arubaini na tatu elfu na mia tano! Mama, tumeuza!"

"Punguza sauti. Nyumba hii ina eda," alisema Ummulkheir huku akikinyonya kidole. Lakini moyo wake mwenyewe ulikuwa haukai. Aliinuka, akaketi, akainuka tena, akaenda kuifunua cherehani na kuitazama kana kwamba ingesikia kuwa imeuzwa ikatoroka.

Ilikuwa cherehani ya ngozi, chuma cheusi cha kushonea makubadhi, kizito cha kuvunja mgongo. Muzammil, mume wa Ummulkheir, aliishonea miaka kumi na tisa. Tangu azikwe, siku tisini na nne sasa, ilikuwa imekaa pembeni mwa ukumbi chini ya shuka. Siku hizo mjane wake alizihesabu kwa penseli nyuma ya mlango wa jikoni, mstari mmoja kila magharibi. Mjane wa mji wa kale wa Malindi hukaa edani miezi minne na siku kumi: hatoki, hajipambi, hajifukizi udi, wala haonani na wanaume wa kando. Vitabu vya dini vimeacha nafasi kidogo kwa mwenye haja ya kutoka mchana, ila mtaa wa Ummulkheir haukuwahi kuvisoma vitabu hivyo hadi ukurasa huo.

Kilichomkosesha raha kilikuwa kimoja tu, kibanda cha Muzammil sokoni. Zayd, mwenye vibanda, alitaka kodi ya nusu mwaka kwa mkupuo, shilingi elfu arubaini, Jumamosi kabla ya adhuhuri. Akikosa, angempa muuza makava ya simu ambaye tayari alikuwa akipita kila asubuhi kuupima mlango kwa utepe. Kibanda kikibaki, Ummulkheir akitoka edani atashona madera kwa cherehani yake ndogo na Tasneem atauza. Kikienda, wawili hao watahamia chumba cha uani kwa Gharib, kaka wa marehemu, wawe watu wa kungojea sahani.

Na Gharib hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Tangu siku ya msiba, mkewe Harusi alileta sahani ya chakula kila alasiri, imefunikwa kawa. Lakini mtu akiletewa sahani siku tisini na nne, huanza kuyajua maua ya sahani ile kuliko anavyopenda.

Ndipo Tasneem, mwenye miaka kumi na saba na simu yenye kioo kilichopasuka, akaipeleka cherehani kwenye kundi la mnada la simuni. Kundi lilikuwa na watu mia nane, na wanunuzi labda kumi. Waliosalia kazi yao ilikuwa kuuliza bei ya mwisho ya kitu ambacho hata bei ya kwanza hakijapata. Msimamizi wa kundi, Jimmy, alikuwa na sheria moja: mshindi hulipa kwake, naye hushika pesa hadi mshindi aseme amepokea mzigo. Siku tatu zikipita mzigo haujafika, pesa hurudi zilikotoka na muuzaji hufukuzwa kwa jina.

Chini ya picha ya cherehani Tasneem alikuwa ameandika: "Mshindi aje achukue mwenyewe nyumbani." Alifikiria uzito wa chuma. Hakumfikiria atakayefungua mlango.

Mwambire wa Vitengeni alifika Jumatano saa nne asubuhi na pikapu ya kukodi. Alikuwa fundi viatu wa makamo, kofia mkononi, na alipiga hodi mara tatu kama mtu aliyefunzwa adabu. Bahati mbaya ni kwamba Gharib alikuwa ameketi barazani pale pale nje ya mlango, akisubiri fundi wa bomba.

"Karibu. Nani mwenzetu?"

"Naitwa Mwambire. Nimekuja kuchukua cherehani. Nimeishinda mnadani."

"Mnada gani?"

Tasneem alitokeza kichwa. "Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Mnada gani, Tasneem?"

Msichana alijaribu kueleza, na kila neno alilolitoa lilizidi kuharibu. Gharib alisimama. "Cherehani ya ndugu yangu mmeipiga mnada? Hata eda haijesha?"

Kusikia hivyo Mwambire alirudi hatua moja nyuma. "Kumbe ni chuma cha marehemu? Tangazo halikusema. Poleni sana kwa msiba, wenyewe. Na mjane yuko?"

"Yuko ndani. Yu edani."

Mwambire aliigeuza kofia mkononi. Ilikuwa dhahiri kwamba alikuwa akiitaka ile cherehani. Alikwisha kupata tenda ya viatu vya shule mbili, na vidole vyake vilikuwa na makovu ya kushona kwa mkono. "Mimi chuma nakitaka, siwafichi," alisema. "Lakini kitu cha marehemu sikitoi nyumbani mwake mpaka mwenyewe aniambie, chukua. Siku nikijidunga nitawaza ni kinyongo cha mtu. Niitieni mama. Si lazima nimuone, nisikie sauti tu, hata kwa dirishani."

"Haongei na wanaume wa kando," alisema Gharib. "Msemaji ni mimi. Na mimi nasema hakiuzwi mpaka eda ishe."

Pazia la mlangoni lilikuwa hatua mbili kutoka walipokuwa, na nyuma yake alisimama Ummulkheir, kitambaa kimekunjamana ndani ya ngumi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Chukua. Ni yangu. Nimeuza. Akasikia viatu vya jirani vikipita kichochoroni, vikipunguza mwendo, na mdomo akaufunga.

Mwambire alingoja. Alilitazama lile pazia kwa muda wa mtu kufunga kamba za viatu viwili, halafu akavaa kofia. "Pikapu nimeikodi elfu mbili na mia tano," alisema, bila ugomvi, kama anayemtaarifu mtu saa. "Hiyo nayo imekwenda. Haya, poleni tena."

Ummulkheir alijichukia. Alikuwa amewahi kujikasirikia, lakini namna hii hakuwahi.

"Shemeji," Gharib alisema kupitia pazia gari lilipoondoka, "ulikuwa na haja ukanificha? Si chakula tunaleta?"

"Mnaleta, Mungu awalipe."

"Sasa watu waone mali ya Muzammil inapakiwa garini mbele ya msikiti, waseme nduguye ameshindwa kumlisha mjane mmoja na mtoto mmoja? Mimi nitapita wapi?"

"Cherehani ni yangu, shemeji. Wewe wajua." Lakini alilisema polepole mno, na Gharib alikwisha kuteremka barazani kumfokea fundi wa bomba kwa kuchelewa.

Alhamisi asubuhi Jimmy aliandika kwamba Mwambire anataka pesa zake. Mwisho ni kesho, saa kumi na mbili jioni. Chini yake watu wa kundi walikuwa wamekwisha kuanza. Mmoja aliandika kwamba wauzaji wa Malindi ndizo zao. Mwingine, ambaye hakuwahi kununua hata kijiko, alitaka jina la muuzaji na picha yake.

Tasneem hakumwonyesha mama yake. Alijifungia chooni na simu, akaizamisha sauti yake kooni, akarekodi: "Ndugu Mwambire, ni mimi mwenyewe mama. Cherehani nimeuza kwa hiari yangu. Njoo uchukue." Alijisikiliza mara mbili, akajiona hodari, akatuma.

Jibu lilikuja kabla hajatoka. "Huyu ni mtoto. Sasa mwanichezea."

Ilibidi amwambie mama yake. Ummulkheir aliisikiliza ile sauti bandia hadi mwisho, uso umemwiva kwa aibu.

"Umenitia uongo mdomoni, Tasneem. Mimi na eda yangu."

"Ningekuomba yako ungenipa?"

Jana Ummulkheir alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, bure, akiwa nyumbani mwake. Leo neno lile lile lilikuwa limepanda bei. Aliichukua simu mwenyewe, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, kwamba sauti ile ilikuwa ya binti yake, kwamba binti amekosa na wote wanaomba radhi, na kwamba mwenyewe amekubali kuuza.

Mwambire alikaa nusu saa nzima. Kisha: "Maandishi yaweza kuandikwa na yeyote. Kuja tena siji. Nitumieni kwa gari, lakini karatasi ya mzigo ije na jina la mwenyewe na namba ya kitambulisho chake. Nikiona hivyo nitajua amekubali, nitamwambia Jimmy aachie."

Siku hiyo yote walifungasha. Walikifungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye miguu yake, wakakizungushia shuka, kisha godoro la zamani, kisha vipande vya ngozi alivyoviacha Muzammil, kisha kamba, miguu imefungwa pembeni yake. Sindano na vibobini vya uzi Ummulkheir alivitia kwenye kopo la maziwa, akalifunga kwa gundi na kuandika juu yake, "Hivi navyo ni vyako." Alijikuta akifunga fundo, akilifungua, akilifunga upya.

Ijumaa asubuhi, Tsuma mwenye mkokoteni aliupakia mzigo uani, na Tasneem akafuatana naye, kitambulisho cha mama kifuani na shilingi mia tisa ndani ya kitambaa. Ndizo zilizokuwamo nyumbani. Gari la Vitengeni huondoka saa nane.

Simu ililia saa sita unusu.

"Mama, wamekataa." Tasneem alikuwa analia na kujizuia asisikike analia. "Wasema mimi sina kitambulisho changu. Na mwenye mzigo lazima awepo mwenyewe. Mwezi jana walisafirisha mashine ya wizi, polisi wakaja. Wasema hata nikilala hapa."

Adhana ya Ijumaa ilikuwa inaanza. Kichochoroni kulisikika milango ikifunguka na kufungwa, kanzu zikipita, wanaume wakiitana kwenda msikitini. Kwa muda wa saa moja mtaa huu ungekuwa hauna mwanamume ila wagonjwa na wasiosali. Ummulkheir alisikiliza hadi mlango wa mwisho ulipofungwa. Akavaa buibui, akafunika uso, akatafuta viatu. Makubadhi yake, kazi ya mkono wa Muzammil, yalikuwa yameota ukungu chini ya kitanda. Aliyafuta kwa kanga na kutoka kwa mlango wa uani.

Jua lilimpiga kama kofi. Alisahau mchana una mwangaza kiasi gani. Alitembea upesi akitazama chini, na nusura afike barabarani salama, ila dirisha la pili kutoka kona lilikuwa wazi.

"Mama Tasneem! Weye? Wenda wapi?"

"Natuma mzigo," alijibu, kwa sababu hakuwa na jibu jingine.

Dirisha lilifungwa taratibu, likaachwa upenyo wa jicho.

Karani wa ofisi ya vifurushi alikuwa msichana aitwaye Pamela, mwenye beji kifuani na kikombe cha chai kilichopoa. Watu sita walikuwa kwenye foleni, na wote walimpisha Ummulkheir, jambo ambalo lilimuumiza zaidi. Nguo za mwenye eda hujulikana kwa yasiyokuwamo, si udi, si pete.

"Pole, mama. Wewe ndiye mwenye mzigo? Funua uso kidogo nilinganishe na kitambulisho."

"Hapa?"

"Nisamehe. Ndiyo kazi yenyewe."

Ummulkheir alijigeuza kidogo upande wa ukuta, akafunua. Pamela alitazama kitambulisho, akamtazama, akatazama tena, na katika kule kutazama wanaume wawili wa foleni nao wakatazama, halafu wakajifanya kusoma ratiba ya magari. Akafunika.

"Kilo thelathini na moja," alisema Pamela. "Elfu moja mia nne."

Tasneem alifungua kitambaa. Mia tisa. Zilipowekwa juu ya kaunta zilionekana chache hata kuliko zilivyokuwa.

"Mlikubaliana nani analipa usafiri?" aliuliza Pamela, ambaye Tasneem alikwisha kumsimulia habari ya mnada. "Tangazo lilisemaje?"

"Halikusema," alijibu Tasneem, na kwa mara ya pili wiki hiyo akatamani tangazo lile liandikwe upya.

Ndipo Gharib alipoingia. Habari ilikuwa imemfikia kwenye ngazi za msikiti, salamu ya mwisho haijapoa, na alikuja mbio na kanzu yake nyeupe imelowa mgongoni. Watu wa foleni walijiweka sawa kutazama. Lakini hakupiga kelele. Alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, karibu ya upole:

"Shemeji, jiangalie ulipo. Rudi nyumbani na mtoto. Nimekubali, cherehani iuzwe. Nauli nitalipa mimi, nitatuma kwa jina langu na kitambulisho changu, na pesa zikija nitakuletea. Watu watasema ulikuja kuniita tu. Jina lako litasalimika."

Ilikuwa heri kubwa, na Ummulkheir aliiona kuwa ni heri. Miguu yake ilikwisha kuanza kugeuka. Angekuwa nyumbani ndani ya robo saa, na jioni sahani ingeletwa. Kesho Gharib angekwenda mwenyewe kwa Zayd na pesa mkononi, angezungumza naye kiume, na kibanda kingekodiwa kwa jina la Gharib. Mwaka mzima angekuwa akipita kuuliza mauzo.

"Shemeji," alisema, "vile vikuku vyangu vinane vya mahari, ni nani aliyevipeleka kwa sonara?"

Gharib alishangaa. "Ni mimi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yenu."

"Ukarudi na cherehani hii. Risiti uliandikisha jina la nani?"

"La Muzammil," alisema Gharib, bila hila wala haya, kama mtu aliyeulizwa jua huchomoza wapi. "La nani tena?"

"Basi risiti ya leo itakuwa kwa jina langu."

Aligeukia kaunta. "Tasneem, nipigie Mwambire. Weka sauti juu, sina cha kuficha."

Simu iliita mara nne. Kwenye foleni hata aliyekuwa akitafuna alisita.

"Hallo?"

"Ndugu Mwambire, ni Ummulkheir, mwenye cherehani. Niko kwenye vifurushi. Juzi ulipokuja nilikuwa nyuma ya pazia nikakusikia, na nikashindwa kusema. Nisamehe. Nasema leo. Cherehani ni yangu, niliinunua kwa dhahabu yangu, na nimekuuzia kwa radhi yangu. Chukua."

Upande wa pili kulisikika nyundo ikiwekwa chini. "Ndiyo mwenyewe?"

"Ndiyo mwenyewe. Limebaki moja. Nauli ni elfu moja mia nne nami nina mia tisa, na tangazo halikusema nani alipe."

"Mama," alisema Mwambire, "mzigo utalipiwa huku, ukifika. Hizo mia tisa rudi nazo. Mulungu akupe subira."

Pamela alivuta fomu. "Jina la mtumaji?"

"Ummulkheir Abubakar Famau." Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameitwa mke wa Muzammil, kisha mama Tasneem, kisha mjane. Jina lake zima lilimtoka kwa kukwaruza, akalirudia ili Pamela aliandike vizuri. Alipotia sahihi na kugeuka, Gharib hakuwapo.

Saa kumi na moja na nusu ujumbe wa Mwambire uliingia: mzigo umefika, sindano amezipata. Dakika tano baadaye Jimmy aliachia pesa. Tasneem safari hii hakupiga ukelele. Alimwonyesha mama yake kioo tu, na wote wawili wakakitazama.

Magharibi ilifika. Sahani haikuja. Wanawake wa mtaa ambao kila Ijumaa walikuja kumsomea marehemu, nao hawakuja. Ummulkheir alikuwa ametandika mkeka. Aliuacha umetandikwa hadi isha, kisha akaukunja, akalia kidogo, na wakala mkate kwa chai ya rangi.

Jumamosi saa tano Tasneem alirudi kutoka sokoni na ufunguo wa kibanda pamoja na karatasi ya Zayd. Alimkuta Harusi amesimama ukumbini, mikono mitupu, hajaketi.

"Nimetumwa," Harusi alisema. Hakupenda alichotumwa, wala hakuficha kwamba hakukipenda. "Shemeji yako asema kutoka kwako jana kumeivunja eda. Siku zote zile si kitu. Asema uanze upya, moja, na hadi utimize, asisikie habari ya kibanda."

"Kamuuliza sheikh?"

"Hakumuuliza mtu. Amekasirika."

"Basi akamuulize. Mwambie pia namshukuru kwa sahani tisini na sita, nilizihesabu. Na nawe dada, karibu siku yoyote, hata bila kitu mkononi."

Harusi alimtazama, akataka kusema neno, akaona bora aende. Mlangoni alirudi nusu hatua, akaugusa ule ufunguo mkononi mwa Tasneem kwa ncha ya kidole, kisha akashuka barazani.

Ummulkheir aliingia jikoni. Jana, kwa wasiwasi, hakuwa ameandika kitu. Alichukua penseli, akailamba ncha yake, akavuta mstari wa tisini na saba. Akaukazia. Kisha akaketi kungoja magharibi, ili auvute wa tisini na nane.